Rupia za Tabora na Rupia za Unguja

Mtu akifungua kasha la babu yake na kukuta rupia ya karatasi ya Mjerumani, hudhani ameokota mali. Mara nyingi sivyo. Noti ya rupia moja ya mwaka 1916 huuzwa leo kwa makumi machache tu ya dola.

Deutsch-Ostafrikanische Bank, yaani Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa ikichapishiwa noti Ujerumani, zikiwemo zile nzuri za rupia tano zenye picha ya simba. Vita vilipozuka mwaka 1914, Waingereza wakafunga njia ya bahari. Noti haziji, na askari na wapagazi wanadai ujira wao. Ndipo zikachapishwa za muda hapahapa, Dar es Salaam na baadaye Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Ukiziweka mbili za rupia moja mezani, moja yaweza kuwa nene na ya kijivu, nyingine nyembamba na yenye weupe uliofifia. Nyingi zilitiwa saini kwa mkono, na wino wa karani bado unaonekana ulipokolea na ulipokwaruza. Mwaka 1917, Tabora ikiwa imeshatekwa na Wabelgiji, noti za mwisho zilipigwa kwa mihuri ya mpira, huko vichakani. Baadhi ya hizo ni nadra, na wakusanyaji huzigombania.

Rupia za Unguja zina mkasa mwingine. Serikali ya Zanzibar ilianza kuzitoa mwaka 1908, zikiwa na picha ya jahazi. Watu waliziamini, na imani hiyo ndiyo iliyozimaliza. Mwaka 1936 shilingi ya Afrika Mashariki iliposhika nafasi ya rupia, kwa kiwango cha rupia moja kwa shilingi moja na nusu, kila mwenye nazo alikwenda kubadilisha. Nani angeacha rupia mia kabatini zimwozee? Zilizosalia ni chache mno, na mnadani noti moja hufikia maelfu ya pauni.

Inaniuma kwamba noti hizi, sehemu ya historia yetu, nyingi zimo mikononi mwa matajiri wa mbali. Zilizobaki majumbani nazo huharibiwa kwa nia njema: mtu huifua noti ing'ae, huipiga pasi, huziba mpasuko kwa utepe wa gundi. Mnunuzi mzoefu huyatambua hayo papo hapo, na bei huporomoka. Iache na mikunjo yake, itie katika bahasha safi, mbali na unyevu na jua.