Baba na Zilipendwa Zake

Wiki iliyopita bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni kwangu hapa Maganzo, machozi yanamlenga. Harusi yake ni ya kaswida tu, na baba yake anataka japo wimbo mmoja wa Mbaraka Mwinshehe. "Baba ataniaibisha, dada."

Nikamuuliza, Mbaraka unamjua? Alizaliwa 1944, gitaa lake likavuma akiwa Morogoro Jazz. Mwaka 1970 bendi hiyo ilifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Januari 1979 ajali ya gari ikamchukua Mombasa, hajatimiza miaka 35. Kijana kabisa! Sisi tunaziita zilipendwa utadhani zilizaliwa na mvi. Huku kwetu zilifika kwa Radio Tanzania, na baba huyo alizisikia akiwa mtoto, kwenye redio ya betri aliyonunua babu kwa mshahara wa mgodi wa almasi wa Mwadui. Babu ni marehemu, redio iliuzwa.

Jana amekuja kuchukua gauni. Ukumbini ni kaswida. Mbaraka atapigwa nyumbani, usiku wa kuamkia harusi, baba na binti sebuleni. Nimealikwa.