Kelele Zilizogeuka Habari

Juzi muuguzi alinibana kidole kwa kidude kinachofanana na kibanio cha nguo. Akatazama tarakimu. "Tisini na saba, mzee. Na pumzi unaivutaje?" Nikamjibu kwamba navuta vizuri. Swali hilo la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kupima oksijeni kwa mwanga si jambo la jana. Katika miaka ya 1930, Mjerumani Karl Matthes alipitisha mwanga sikioni ili apime oksijeni ya damu. Mwongo uliofuata, Mmarekani Glenn Millikan aliunda chombo chepesi cha marubani, akakiita oksimita. Ila mwanga ulipita kwenye ngozi, nyama na damu pamoja. Kuitenga damu itokayo moyoni kulikuwa kazi ngumu.

Ufumbuzi ulitoka Japani. Mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden alikuwa akipima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, lakini mapigo yenyewe yakawa yanamvuruga vipimo. Wahandisi huita usumbufu huo kelele. Akitafuta namna ya kuzifuta, aling'amua kuwa kelele hizo ndizo habari yenyewe: ngozi na nyama hutulia, damu mpya ndiyo hudunda. Basi akalinganisha mdundo huo katika mwanga mwekundu na ule usioonekana wa infraredi, kwani damu iliyosheheni oksijeni hupitisha zaidi mwekundu na kufyonza zaidi infraredi. Uwiano wake ndio hutupa asilimia. Aliuwasilisha uvumbuzi huo mwaka wa 1974.

Hata hivyo, melanini ya ngozi nyeusi nayo hufyonza mwanga. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo ya kushtua. Kati ya vipimo ambapo kifaa kilionyesha asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vile vya wagonjwa Weusi, na 3.6 tu ya vile vya Weupe. Tarakimu ilisema "uko sawa" ilhali mtu anazama.

Ndipo lugha inapoingia. "Pumzi hainitoshi", "kifua kinanibana", "nahema nikiwa nimeketi": kauli hizi nazo ni vipimo. Tabibu anayezipuuza kwa kuwa kidude kimeandika 94 anazifuta kelele ambazo Aoyagi angezisikiliza. Kifaa tukitumie, kimeokoa wengi. Ila mgonjwa naye aulizwe, kama nilivyoulizwa mimi.