Meli ya eksirei na makaburi ya mbali: historia ya huduma za afya kwa Wainuiti

Na Mwandishi Wetu

WAINUITI ni wenyeji wa asili wa ncha ya kaskazini ya dunia. Wanaishi Alaska, Kanada na Greenland, na jina la Waeskimo, ambalo wengi walifundishwa shuleni, hawalipendi. Nchini Kanada pekee, sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu kuwa zaidi ya 70,000.

Kwa karne nyingi watu hawa waliishi katika makundi madogo, wakiwinda sili, nyangumi na kulungu wa kaskazini. Maradhi ya kuambukiza yaliyozoeleka Ulaya hayakuwa na njia ya kuwafikia. Njia hiyo ilifunguliwa na meli za wavuvi wa nyangumi, wafanyabiashara wa manyoya na wamisionari.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Labrador, mwaka 1918. Meli ya Harmony, iliyokuwa ikiwapelekea mahitaji wamisionari wa Moravian (kanisa lile lile wanalolifahamu wasomaji wa Mbeya na Tabora), ilibeba pia homa kali ya mafua iliyokuwa ikiua watu duniani kote. Katika kijiji cha Okak, waliokufa ni takriban 200 kati ya wakazi wapatao 260. Kijiji hicho hakikuinuka tena.

Nani alipaswa kuwatibu watu hawa? Kwa muda mrefu Serikali ya Kanada haikuwa na jibu. Tiba ilitolewa na makanisa, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1930 yalikuwa na hospitali ndogo Pangnirtung na Chesterfield Inlet, au na daktari aliyepita mara moja kwa mwaka akiwa ndani ya Nascopie, meli ya kampuni ya biashara ya Hudson's Bay.

Suala hilo lilifika mahakamani. Serikali Kuu na Jimbo la Quebec zilikuwa zikisukumiana gharama za kuwasaidia Wainuiti, na Aprili 1939 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba, kwa madhumuni ya Katiba ya mwaka 1867, Wainuiti wahesabiwe pamoja na Wahindi Wekundu. Kwa lugha nyepesi, mzigo ulikuwa wa Ottawa. Inafaa kukumbuka kwamba shauri hilo lilihusu nani alipe, wala si nini wagonjwa walihitaji.

Kuanzia mwaka 1941 kila Muinuiti alipewa kidani chenye namba, ikitanguliwa na herufi E kwa wa mashariki au W kwa wa magharibi. Maofisa walidai kuwa majina yao yalikuwa magumu kuandika. Namba hizo zilitumika katika kumbukumbu za serikali, na pia katika mafaili ya hospitali, hadi kampeni ya kuwapatia majina ya ukoo ilipoendeshwa kati ya miaka ya 1968 na 1971.

Kufikia wakati huo kifua kikuu kilikuwa kimeenea vijijini. Nascopie ilizama mwaka 1947 karibu na Cape Dorset, na mwaka 1950 Serikali ikazindua meli yake yenyewe, C.D. Howe, iliyokuwa na madaktari, mganga wa meno na mashine ya eksirei. Kila kiangazi, barafu ilipoyeyuka, meli hiyo ilizunguka vijiji vya Aktiki ya Mashariki. Iliendelea na safari hizo hadi mwaka 1969.

Kilichofuata ndicho kinachosimuliwa hadi leo. Watu waliitwa melini, wakapigwa picha za kifua, na majibu yalitolewa papo hapo. Aliyeonekana kuwa na kifua kikuu mara nyingi hakuruhusiwa kushuka, hata kwenda kuaga. Mama alitenganishwa na mtoto mchanga, mwindaji akaiacha familia bila mtu wa kuilisha. Meli iling'oa nanga na kuendelea na safari yake.

Wagonjwa walipelekwa kusini, katika hospitali za kifua kikuu za miji kama Hamilton, Edmonton na Quebec. Waliofika huko walikutana na joto wasilolizoea, vyakula vigeni na wauguzi wasiojua lugha yao. Kwa wastani walikaa zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1956, kwa hesabu zinazokubalika, Muinuiti mmoja kati ya saba alikuwa amelazwa kusini, na hospitali ya Hamilton peke yake ilikuwa na zaidi ya 300. Hakukuwa na kijiji chochote cha kaskazini chenye Wainuiti wengi kiasi hicho.

Ni haki kusema kwamba tiba yenyewe ilifanya kazi. Dawa za streptomaisini na isoniazidi ziliokoa maisha ya wengi, na vifo vilishuka kwa kasi. Wapo waliorejea wakiwa wazima, wengine wakiwa wamejifunza Kiingereza au wakiwa na vinyago vya mawe walivyochonga wakiwa kitandani. Lawama haielekezwi kwa dawa. Wazo la kujenga hospitali za aina hiyo kaskazini lilijadiliwa na likakataliwa, na gharama zilikuwa hoja kubwa.

Waliofariki walizikwa huko huko. Familia nyingi hazikuelezwa siku ya kifo wala mahali pa kaburi, na watoto waliopona walirejeshwa wakiwa wamesahau lugha ya wazazi wao. Tume ya Ukweli ya Qikiqtani, iliyoundwa na Wainuiti wenyewe mwaka 2007, ilikusanya ushuhuda wa familia hizo. Machi 8, 2019, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kanada, Justin Trudeau, aliomba radhi rasmi mjini Iqaluit. Siku hiyo ulizinduliwa pia mradi wa Nanilavut, unaozisaidia familia kutafuta makaburi ya ndugu zao.

Utaratibu wa kumsafirisha mgonjwa ulibaki hata baada ya meli kustaafu. Vituo vya wauguzi vilijengwa vijijini, lakini ndege ikachukua nafasi ya meli. Wajawazito nao waliingizwa katika utaratibu huo: waliondolewa wiki kadhaa kabla ya kujifungua, wakazalia miongoni mwa wageni.

Wanawake wa Nunavik, kaskazini mwa Quebec, ndio waliovunja mwiko huo. Mkataba wa James Bay wa mwaka 1975 uliwapa wenyeji sauti katika bodi za afya, na mwaka 1986 kituo cha uzazi kilifunguliwa katika kijiji cha Puvirnituq. Wakunga wa Kiinuiti walifundishwa kazi hapo hapo kijijini, na baadaye Inukjuak na Salluit wakafuata. Katika historia yote hii, pengine hakuna hatua iliyoleta faida kubwa zaidi kwa gharama ndogo hivyo.

Nunavut, eneo lililoanza kujitawala Aprili 1, 1999, lina ukubwa wa zaidi ya mara mbili ya Tanzania lakini watu wake ni takriban 40,000. Vijiji vyake 25 havina barabara ya kuviunganisha, na hospitali ni moja tu, iliyopo Iqaluit. Matibabu makubwa bado humaanisha ndege kwenda Ottawa, Winnipeg au Edmonton.

Greenland nayo ina hesabu zake na Denmark. Miaka ya 1960, madaktari wa Kidenmark waliwawekea vitanzi vya kuzuia mimba maelfu ya wanawake na wasichana, wengi wao bila ridhaa. Serikali ya Greenland ilichukua usimamizi wa afya mwaka 1992. Waziri Mkuu wa Denmark, Mette Frederiksen, aliomba radhi kwa suala la vitanzi mwaka 2025.

Kifua kikuu chenyewe hakijaondoka. Takwimu za mwaka 2016 zilionyesha kuwa Muinuiti wa Kanada alikuwa katika uwezekano wa karibu mara 300 wa kuugua, akilinganishwa na Mkanada asiye wa jamii za asili aliyezaliwa nchini humo. Sababu zinajulikana: nyumba chache zenye watu wengi, chakula ghali na uhaba wa wauguzi wanaodumu. Machi 2018 Serikali na chama cha Inuit Tapiriit Kanatami viliahidi kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Novemba 2021, mlipuko mpya ulitangazwa Pangnirtung, kijiji kile kile kilichopata hospitali ya misheni miaka 90 iliyotangulia.