Mkono wa Cleitus: Vita vya Mto Granicus katika Kitambaa cha Ukutani

Farasi wamo majini, mikuki imeelekea kila upande, na katikati ya msukosuko huo kuna mkono mmoja ulioinuliwa ambao bado haujashuka. Ni mkono wa Cleitus, ofisa wa wapandafarasi wa Makedonia. Karibu naye, chini ya chapeo yenye manyoya meupe, yupo Alexander, yule Iskandar ambaye wafasiri wengi wamemlinganisha na Dhulkarneni. Mwajemi aitwaye Spithridates amekwisha mvizia kwa nyuma. Mahali ni Mto Granicus, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mwaka ni 334 KK. Arrian anasimulia kuwa Cleitus aliukata mkono wa Mwajemi yule kabla haujashuka. Plutarch anasema alimchoma mkuki. Kwa vyovyote, mfalme aliponea chupuchupu.

Picha hiyo ni ya Charles Le Brun, mchoraji mkuu wa Louis XIV wa Ufaransa. Aliikamilisha mwaka 1665, na turubai lake, lenye upana unaozidi mita 12, limo Louvre hadi leo. Lakini halikukusudiwa kubaki turubai tu. Mwaka 1662 waziri Colbert alikuwa amewakusanya wafumaji wa Paris katika karakana za Gobelins, na Le Brun akawekwa kuwasimamia. Hapo michoro yake mitano ya Alexander ikafumwa mara kadhaa kwa sufu, hariri na nyuzi za zari. Vita vitatu, kwa ukubwa wake, vikaongezewa vipande vya kandokando, hata seti nzima ikawa na vitambaa 11.

Hapa lugha yetu inatudai kidogo. Zulia hukanyagwa, pazia hufunika mlango. Kitu hiki hakifanyi lolote kati ya hayo, nami nitakiita kitambaa cha ukutani hadi mwenye jina bora alilete. Vifaa vyake, hata hivyo, tunayo majina yake ya zamani. Kuna kitanda cha mfumi. Kuna mtande, yaani nyuzi zinazotandwa kwanza na kukazwa. Na kuna mshindio, uzi unaopitishwa kati yake. (Mtandao na mfumo, maneno tunayoyatamka kila siku mbele ya kompyuta, yana asili ileile ya kutanda na kufuma.) Katika kitambaa cha aina hii mtande hufunikwa wote usionekane. Mshindio nao hauvuki upana mzima: kila rangi huenda na kurudi katika eneo lake dogo, na hapo rangi inapoishia ndipo umbo la sikio la farasi au kidole cha askari linapopatikana.

Kwenye kitanda cha kusimama, mfumaji huketi nyuma ya kazi yake. Anachokiona ni upande wa mafundo na ncha za nyuzi. Uso wa kitambaa huuchungulia kwa kioo kilichowekwa ng'ambo ya mtande. Kwenye kitanda cha kulala, mchoro huwekwa chini ya nyuzi, na picha hutoka imegeuka: asipotahadhari mchoraji, jeshi zima litapigana kwa mkono wa kushoto. Baadhi ya vitambaa vya Gobelins vina jina la mkuu wa karakana, kama Jans au Lefebvre, lililofumwa pindoni. Walioketi nyuma ya mtande hawakutajwa.

Kwa nini Alexander? Louis alikuwa kijana mwenye kiu ya vita, na kumsifu mfalme kijana wa kale ilikuwa njia ya kumsifu yeye pasipo kumtaja. Washairi wa Kiswahili hawahitaji kufundishwa jambo hilo, tunaliita fumbo. Baadaye, katika dari la Ukumbi wa Vioo wa Versailles, Le Brun aliliacha fumbo akamchora Louis mwenyewe akishinda vita vyake. Kwa maoni yangu sifa ilipungua nguvu hapo, kwa kuwa msifiwa aliyetajwa waziwazi hamwachii mtazamaji kazi yoyote.

Sifa pia huamua pa kukomea. Arrian anaandika kuwa mamluki wa Kiyunani wapatao 2,000 walitekwa siku ile, wakapelekwa Makedonia kwa minyororo wafanye kazi ngumu. Plutarch anaongeza kuwa nguo za zambarau zilizotekwa kwa Waajemi Alexander alimpelekea mama yake. Kitambaa chenyewe kimekoma kabla ya hayo yote, pale mkono ulipo juu.

Mkono huo uliinuliwa tena. Mwaka 328 KK, katika karamu ya ulevi huko Samarkand, ziliimbwa beti za kuwadhihaki makamanda wa Makedonia walioshindwa. Cleitus alichukia. Akamkumbusha mfalme nani aliyemwokoa Granicus, na Arrian anasimulia kuwa aliunyosha mkono wake wa kuume akisema ndio uliofanya kazi ile. Wenzake wakamtoa nje. Kwa maelezo ya Plutarch, alirudi kwa mlango mwingine akighani mshororo wa Euripides kutoka tamthilia ya Andromache, penye lalamiko la kwamba askari ndio wanaotaabika vitani, na sifa yote huchukuliwa na jemadari mmoja. Huenda waliokuwapo waliyajua maneno yanayofuata.

Seti ya Le Brun inakwenda mbele hadi Arbela, hadi kutekwa kwa Mfalme Porus, hadi Alexander alipoingia Babeli kwa shangwe juu ya gari. Karamu ya Samarkand haimo. Alexander alimnyang'anya mlinzi mkuki, akamchoma nao Cleitus alipokuwa akilisogeza pazia la mlangoni.