Mwibuko: wadudu wanapotoka majini na samaki wanapowasubiri

Ukisimama ufukweni Nkome, wilayani Geita, au upande wa Chato, katika siku za mwezi mchanga, huenda ukaona nguzo ya moshi ikipanda juu ya Ziwa Viktoria kana kwamba kuna kisiwa kinachoungua. Nguzo hiyo hupinda na upepo, hukatika, huungana tena. Ikifika nchi kavu ndipo inapojulikana: ni nzi wa ziwa, mamilioni kwa mamilioni, waliotoka majini usiku uliopita. Hawaumi na hawanyonyi damu. Wamekuja kupandana, kutaga na kufa.

Tukio hilo, la wadudu waliokulia ndani ya maji kutoka kwa pamoja wakiwa na mabawa, lina jina maalumu kwa wataalamu wa wadudu na kwa wavuvi wa ndoano katika nchi za baridi. Kwa Kiswahili limekuwa likitangatanga. Habari za kila siku huliita uvamizi wa wadudu, au mlipuko. Wafasiri wa vitabu vya biolojia huandika kuanguliwa. Mimi natetea neno mwibuko, na sababu zangu zinaanzia kwa mdudu mwenyewe.

Nzi wa ziwa ni wa makundi mawili makubwa. Kundi moja ni Chaoborus, ambao lava wao mwili mzima unapenyeza mwanga kiasi kwamba ndani ya glasi ya maji utaona macho yake na vifuko vyake vya hewa kabla hujamwona mwenyewe. Mchana hujifukia kwenye tope la chini ya ziwa. Usiku hupanda kuwinda vijidudu vinavyoelea majini. Kundi la pili ni Kironomidi, jamaa wa mbu wasiouma, ambao lava wao wengi hukaa topeni wakila mabaki ya mimea na mwani. Wote hukaa majini sehemu kubwa ya maisha yao. Siku zikitimia, lava hugeuka pupa, pupa hupanda hadi usoni pa maji, ngozi yake hupasuka mgongoni, na nzi hutoka, husimama kidogo juu ya ngozi aliyoivua, kisha huruka.

Yai liko wapi katika habari hiyo? Halipo. Yai lilipasuka zamani, chini huko, pasipo kuonekana na mtu. Kuangua ni kazi ya kuku, na anayeanguliwa ni kifaranga. Mwanafunzi wa Kahama akisoma kwamba nzi wa ziwa huanguliwa kwa wingi mwezi ukiwa mchanga, ataelewa kwamba mayai hupasuka siku hizo, na atakuwa ameelewa kinyume cha ukweli: siku hizo ndizo za mwisho wa maisha ya mdudu, na mayai yanatagwa. Kosa hili limetoka kwenye Kiingereza, ambako wavuvi walichukua neno la yai na kulihamishia kwenye tukio la usoni pa maji, na desturi ikalibariki. Kiswahili hakilazimiki kuirithi desturi hiyo.

Kuibuka, kwa upande wake, ni neno la majini tangu asili. Mzamiaji huzama kisha huibuka. Kiboko huibuka. Anayetoa kitu majini hukiibua. Matumizi mengine, kama vile mjadala kuibuka au mshindi kuibuka, yamezaliwa baadaye kutokana na picha hiyo ya kitu kilichokuwa chini kikatokeza juu. Basi mwibuko wa wadudu unaeleza kile hasa jicho linachokiona: walikuwa chini, sasa wako juu. Linazaa pia maneno mengine bila kulazimishwa. Tunaweza kusema usiku wa mwibuko, mwibuko mkubwa, mwibuko hafifu, samaki wa mwibuko, na wingi wake ni miibuko.

Uvamizi nimeukataa kwa sababu nyingine. Anayevamia ametoka nje. Nzi hawa ni wenyeji wa ziwa kuliko sisi, na wanaokula faida ya kuibuka kwao ni wengi mno. Mlipuko nao tumeuzoea kwenye kipindupindu na surua. Ni kweli nzi wakiingia nyumbani hujaa kwenye taa na kwenye chakula, na wako watu ambao hupiga chafya na kubanwa kifua kwa vumbi la miili yao. Hata hivyo jina la kitaaluma halipaswi kumhukumu mdudu kabla ya kumweleza.

Dhana ya mwibuko ilipata uzito wake kwa wavuvi wa trauti, samaki wa mito ya baridi, huko Uingereza na Marekani. Wavuvi hao hawatumii chambo cha nyama. Hufunga manyoya na nyuzi kwenye ndoano ndogo hadi ifanane na mdudu fulani, kisha huirusha juu ya mto kwa kamba nzito iliyofungwa kwenye ufito mrefu. Majira ya kuchipua yakifika, maji yakipata joto baada ya baridi kali, wadudu wa mtoni huibuka spishi moja baada ya nyingine, kila moja kwa zamu yake. Trauti hula kwa kuchagua: ikiwa mto umejaa mdudu mdogo wa kijivu, huipita ndoano kubwa ya kahawia kana kwamba haipo. Kwa hiyo mvuvi hutazama kwanza nini kinaibuka, ndipo achague ndoano. Mwaka 1955 Mmarekani Ernest Schwiebert alitoa kitabu kuhusu ustadi huo, Matching the Hatch, yaani kuifananisha ndoano na mwibuko.

Afrika Mashariki nayo ina trauti. Mwaka 1905 mayai ya trauti yaliletwa kutoka Uskoti na samaki wakapandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya, na baadaye kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kikawa kitovu cha kuwazalisha. Hiyo ni mito ya milimani yenye maji baridi. Shinyanga haina maji ya namna hiyo. Mito yake mingi hujaa masika na kubaki mchanga mtupu kiangazi, na anayetaka kuona wadudu wakitoka kwa maelfu huko husubiri kumbikumbi mvua za kwanza zinapolainisha ardhi. Huo pia ni mtoko wa pamoja, ila umetoka ardhini, na kwa mtazamo wangu haufai kuitwa mwibuko.

Mwaka ule ule wa kitabu cha Schwiebert, 1955, mtafiti R. Hartland-Rowe alichapisha katika jarida la Nature taarifa fupi kuhusu mdudu wa Ziwa Viktoria anayeitwa Povilla adusta. Huyu ni wa jamii ya efemeropta, wadudu ambao wakishapata mabawa huishi kwa muda mfupi sana. Povilla humaliza maisha yake ya angani ndani ya saa chache za usiku mmoja. Tunutu wake hutoboa mbao zilizozama, miti iliyoanguka majini na mabua ya mafunjo, na hukaa humo ndani ya tundu alilolitandika hariri. Hartland-Rowe alionyesha kwamba Povilla huibuka kwa wingi siku chache tu katika mwezi, na kilele chake ni karibu usiku wa pili baada ya mwezi mpevu. Mwaka 1956 W. W. Macdonald, aliyechunguza nzi wa ziwa upande wa Uganda, alionyesha kwamba Chaoborus nao hufuata mwezi, ila kinyume chake: wao huibuka karibu na mwezi mwandamo. Philip Corbet, akiwa katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, aliongeza ushahidi wa spishi nyingine mwaka 1958.

Hapa ndipo istilahi inapohitaji kukatwa vizuri. Katika vitabu vya wavuvi wa trauti, mwibuko na majira ya kuchipua husemwa kwa pumzi moja, na mfasiri asiye makini atayabeba yote mawili kama mzigo mmoja. Lakini majira hayo si sehemu ya maana. Mdudu mwenye saa chache za kuishi anahitaji kumkuta mwenzake usiku huo huo, la sivyo hana kizazi, kwa hiyo spishi nzima inahitaji ishara moja inayosikika na wote. Mahali penye baridi na joto vya kupokezana, ishara ni joto la maji na urefu wa mchana. Geita iko karibu digrii tatu kusini mwa ikweta. Maji ya ziwa hapo ni ya vuguvugu mwaka mzima na mchana haubadiliki kwa kiasi cha kumwamsha mdudu. Kinachobadilika waziwazi ni mwanga wa usiku. Mwezi ndiyo kalenda. Kutoka kwa wingi namna hiyo kuna faida ya pili pia: walaji hushiba kabla wadudu hawajaisha.

Na walaji wapo. Domodomo, mwenye mdomo uliorefuka mbele, hufukua tope na kuwala lava kabla hawajapanda. Gogogo naye hula chini. Nembe huwapata wadudu wakiwa wanapanda na wakiwa juu. Lakini anayegusa maisha ya watu wengi zaidi katika ukanda wa dhahabu wa Geita ni dagaa. Mchana dagaa hukaa chini kidogo akila vijidudu vinavyoelea. Usiku hupanda juu, na miongoni mwa anavyokula huko ni nzi wanaoibuka. Nafasi hiyo zamani aliigawana na furu wa aina nyingi mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliofanya kazi Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 walishuhudia furu wakipungua vibaya katika miaka ya 1980, sangara alipotawala, na dagaa akiongezeka.

Mvuvi wa dagaa huingia ziwani siku za giza. Huwasha karabai, au siku hizi taa za sola, huziacha zikielea, na samaki wakishakusanyika huzungusha wavu. Mwezi ukiwa mkubwa hupumzika, hushona nyavu na kukarabati mtumbwi, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Giza hilo hilo ndilo linalowatoa Chaoborus. Kwa hiyo kwenye taa ya mvuvi hukutana vitu vitatu kwa usiku mmoja: mwanga unaowavuta nzi, nzi walioko kwenye zamu yao ya kuibuka, na dagaa aliyepanda kula. Mvuvi wa trauti hutengeneza mdudu wa manyoya ili amfuate samaki mmoja. Mvuvi wa Nkome huwakusanya mdudu halisi na samaki wake mahali pamoja. Nalipenda neno mwibuko kwa sababu linawaingiza wavuvi hawa wawili katika mazungumzo mamoja, pasipo kumlazimisha wa Nkome kuwa na majira ya kuchipua.

Baada ya mwibuko huja majina ya hatua zake. Lava na pupa yamekwisha kukubalika. Kwa mtoto wa mdudu asiyepitia hatua ya pupa tunalo tunutu, neno lililozoeleka kwa panzi na nzige wachanga, nalo linamfaa Povilla kabisa. Ugumu uko kwenye kitu kisichopatikana kwa wadudu wengine wowote: efemeropta hupata mabawa, huruka, kisha hujivua ngozi mara nyingine tena akiwa tayari na mabawa. Kabla ya kujivua mabawa yake ni mazito na yamefifia. Baada ya hapo hung’aa. Wavuvi wa trauti wana jina kwa kila hatua, maana ndoano yake ni tofauti. Napendekeza tuseme mdudu mbichi na mdudu komavu. Ni maneno ya kila siku, na mbichi inabeba vizuri ile hali ya kitu kilichofika lakini hakijawa tayari.

Mwibuko una kazi nyingine mbali na ziwa. Katika ukanda wa Geita neno mwalo lina wenye nalo wawili: wavuvi hulitumia kwa ufuko wanaposhushia samaki, na wachimbaji wadogo hulitumia kwa mahali wanapochenjulia dhahabu. Tope la mwalo wa pili likiachiwa mtoni huziba nafasi kati ya mawe ambamo tunutu hupumulia na kujificha. Zebaki ya wachenjuaji ni balaa la namna nyingine. Katika tope lisilo na hewa vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya methili, lava huila pamoja na mabaki, na siku ya mwibuko sehemu yake hutoka majini kwa mabawa hadi kwa buibui, popo na ndege wa ukingoni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Kwa kupima afya ya mito kwa wadudu, nchi yetu ina mfumo wake, TARISS, uliobuniwa na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzake na kuchapishwa mwaka 2015. Mpimaji huingia mtoni, hutibua mawe kwa miguu, huwakinga wadudu kwa wavu na kuwapa alama kwa familia zao: wanaohitaji maji safi hupata alama kubwa, wanaovumilia uchafu ndogo. Huwachukua tunutu na lava, kwa sababu hao wapo mtoni kila siku. Mwibuko ungemlazimu kukesha akisubiri usiku ambao huenda usimkute pale.