Upimaji wa msokoto wa muundi

Upimaji wa msokoto wa muundi ni njia ya kujua kama mfupa wa muundi (mfupa mkubwa kati ya goti na kifundo cha mguu) umezunguka ndani au nje baada ya kuvunjika na kutibiwa. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa uliopinda, lakini huficha kwa urahisi uliozunguka.

Msokoto wa kawaida

Kwa mtu mzima, ncha ya chini ya muundi huelekea nje kwa nyuzi 20 hadi 40 hivi ikilinganishwa na ncha ya juu. Kwa kuwa watu hutofautiana, mguu uliovunjika hulinganishwa na mguu wa pili wa mgonjwa huyohuyo. Tofauti inayozidi nyuzi 10 kwa kawaida huhesabiwa kuwa kasoro.

Njia za kupima

Bila mashine, mgonjwa hulala kifudifudi na kukunja goti nyuzi 90. Mpimaji hutazama pembe kati ya mstari wa paja na mstari wa wayo, kisha hurudia kwa mguu wa pili. Kipimo sahihi zaidi ni CT-skani: mstari huchorwa nyuma ya ncha ya juu ya muundi, mwingine kwenye kifundo, na pembe kati yake husomwa kwa miguu yote miwili.

Wakati wa kupima

Mfupa ukitibiwa kwa chuma cha ndani, mpasuaji hulinganisha miguu kabla ya kukaza skrubu za kufungia. Ukitibiwa kwa plasta ngumu (hogo), hukaguliwa mapema. Mfupa ukishaunga vibaya, kuurekebisha huhitaji kuukata upya.

Karatu na Ngorongoro

Katika wilaya hizi za mkoa wa Arusha, wakulima na wafugaji hutembea mbali kwenye miteremko, hivyo wayo ulioelekea vibaya huathiri kazi ya kila siku. Hospitali zilizopo ni pamoja na Hospitali ya Kilutheri ya Karatu. Hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko Moshi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Karatu. Kwa umbali huo, kipimo cha kitandani kisichohitaji umeme wala mashine kina faida kubwa: huonyesha mapema ni mgonjwa yupi anayestahili safari.