Gari la Vita na Uwanja Wake

Katika silaha zote walizobuni wanadamu wa kale, hapana iliyotukuzwa na wafalme, ikachongwa kwenye kuta za mahekalu na ikazikwa pamoja na wakubwa wa dunia, kama gari la vita lililokokotwa na farasi. Na labda hapana iliyodhaniwa vingine zaidi na watu wa baadaye, ambao, kwa kumwona Firauni katika picha akiwaseta maadui chini ya kwato na magurudumu, wamesadiki kwamba kazi ya gari ilikuwa kuzivamia safu za watu na kuzivunja kwa uzito wake. Anayeichungua tarehe ya silaha hii kwa utulivu ataona kwamba nguvu yake ilikuwa mwendo, na kwamba mwendo huo ulisimama juu ya nguzo nne, yaani ardhi, farasi, fundi na nidhamu. Ikianguka moja katika hizo, gari liligeuka kuwa mzigo kwa mwenyewe na ngawira kwa adui.

Magari ya kwanza ya vita tunayoyajua yalikuwa mazito. Katika makaburi ya kifalme ya Ur, kusini mwa Iraki, ilifukuliwa kazi ya nakshi ya kombe na jiwe la buluu, iliyofanywa kiasi cha mwaka 2500 K.K. na kuhifadhiwa sasa katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, nayo inaonyesha magari ya magurudumu manne ya mbao nzima yakikokotwa na wanyama wa jinsi ya punda. Hayo yaliweza kumtisha adui na kumbeba mkuu wa jeshi kwa taadhima, lakini hayakuweza kugeuka upesi wala kukimbia. Mabadiliko yalitoka mbali, katika nyika zilizo kusini ya milima ya Ural, ambako kiasi cha mwaka 2000 K.K. watu wa Sintashta waliwazika wakuu wao pamoja na magari mepesi ya magurudumu mawili. Mbao zimekwisha kuoza, lakini alama za spoki zimebaki zimepigwa chapa katika udongo, ushahidi wa fundi aliyegundua kwamba gurudumu lililo tupu katikati hushinda lililojaa.

Misri iliipokea silaha hii kutoka Asia katika zama za Hyksos, watawala wa kigeni waliokaa katika delta ya Nile, na Firauni Ahmose, aliyewatoa kiasi cha mwaka 1550 K.K., alikwenda vitani naye amepanda gari. Mafundi wa Misri walilipunguza uzito hata likawa ajabu ya useremala: mbao zilizopindwa kwa ustadi, ngozi iliyofungwa ingali mbichi ili ikikauka ibane kila kiungo, sakafu ya kamba za ngozi zilizosukwa iliyompunguzia mpiga upinde mtikisiko, na mhimili uliowekwa nyuma kabisa ili gari ligeuke kwa wepesi pasipo kupinduka. Howard Carter, aliyelifungua kaburi la Tutankhamun mwaka 1922, alikuta humo magari sita yaliyokongolewa vipande. Na wataalamu waliounda mifano ya magari ya namna hiyo wameona kwamba gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 30 na ushei tu, kiasi ambacho mtu mmoja mwenye nguvu aliweza kukiinua. Ndani yake walisimama watu wawili, mmoja ameshika hatamu na wa pili upinde, na kando yake walikimbia askari wa miguu ambao kazi yao ilikuwa kulilinda gari na kuwamaliza walioangushwa.

Chombo chepesi kama hicho hakikuundwa ili kugongana na ukuta wa ngao na mikuki, wala farasi mwenye akili zake hakubali kujitupa juu ya ncha za chuma. Magari yaliukaribia upande wa adui kwa kasi, wapiga upinde wakamimina mishale, waendeshaji wakageuza kabla ya kufikiwa, kisha wakarudi tena na tena, hata safu ya adui ichoke na kuanza kulegea. Na ilipovunjika ikakimbia, hapo ndipo gari lilipopata saa yake ya utukufu, kwa maana mtu anayekimbia kwa miguu katika uwanda tambarare hana pa kuokokea.

Ustadi huo ulikuwa na gharama yake. Katika magofu ya Hattusa, mji mkuu wa Wahiti katika nchi ya Uturuki ya leo, vilipatikana vibao vya udongo vyenye mafundisho ya Kikkuli, mwalimu wa farasi kutoka Mitanni, ambaye katika karne ya 14 K.K. alipanga siku baada ya siku, kwa muda wa zaidi ya nusu mwaka, farasi wa gari akimbizwe umbali gani, ale nini, anyweshwe lini, aoshwe vipi na apumzishwe kwa kiasi gani. Nyuma ya kila gari lililoonekana vitani palikuwa na zizi, ghala la shayiri, maseremala, washona ngozi, wafua shaba na masaisi, na mfalme asiyeweza kuwalisha hao wote hakuweza kuwa na magari. Ndiyo maana Firauni Thutmose wa Tatu, aliposhinda Megiddo kiasi cha mwaka 1457 K.K., aliandikisha kwenye kuta za Karnak kwamba alitwaa magari 924: kwa hesabu hiyo alitangaza kwamba wafalme waliokusanyika kumpinga wamenyang'anywa kazi ya miaka mingi ya mikono ya raia wao.

Vita vya Megiddo vina mafunzo mawili. Maamiri wa Thutmose walimsihi asipite katika njia nyembamba ya Aruna, ambako farasi angelazimika kufuata farasi na gari kufuata gari, kwa kuwa walijua kwamba jeshi la magari lililobanwa katika mfereji wa mawe halina uhai. Lakini yeye alikata shauri kupita humo humo kwa sababu adui hakumtazamia huko, na alipotokea uwandani salama, adui alikuwa amezilinda njia nyingine. Funzo la pili ni chungu zaidi: baada ya adui kuvunjika, askari wa Misri waliacha kuwafuatia wakashughulika na vitu vilivyotupwa kambini, na mji ambao ungeweza kutwaliwa siku ile ukafunga milango, ukahitaji mazingiwa ya miezi saba.

Kosa hilo la pili, kwa mujibu wa wanahistoria wengi, liliwapata Wahiti nao miaka karibu 200 baadaye huko Kadesh, kando ya mto Orontes katika nchi ya Shamu, kiasi cha mwaka 1274 K.K. Firauni Ramesses wa Pili alikwenda na vikosi vinne vilivyopewa majina ya miungu Amun, Re, Ptah na Seth, akatangulia na kile cha kwanza mbali na vingine, kwa kuwa mabedui wawili walimhakikishia kwamba mfalme wa Wahiti, Muwatalli, yuko Aleppo, mbali sana kaskazini. Ulikuwa uongo uliotungwa: Muwatalli alikuwa amejificha nyuma ya mji, na saa ilipowadia aliyavusha mtoni magari yake, ambayo Wamisri waliyahesabu kuwa 2,500, kila moja likichukua watu watatu, yakakipiga ubavuni kikosi cha Re kilichokuwa safarini bila ya kujitayarisha, kikatawanyika kama makapi. Mpaka hapo hapana amiri aliyewahi kuyatumia magari vizuri kuliko Muwatalli: alichagua uwanda, alichagua saa, na alichagua adui aliye katika mwendo.

Lakini yale magari yaliendelea mpaka kambini kwa Ramesses, na huko yakasimama. Ngao zilizopangwa kuizunguka kambi, mahema, mizigo, wanyama na tamaa ya kupora viliwashika wale mashujaa mahali pamoja, nao askari wa miguu wa Wahiti walikuwa wamebakishwa ng'ambo ya mto, wasiweze kuwasaidia. Ramesses akapata nafasi ya kuwakusanya waliokuwa karibu naye na kushambulia kwa magari yake mepesi, kikosi kingine cha Misri kikafika kutoka upande wa pwani, na Wahiti wakasukumwa hata mtoni, ambako mchongaji wa Misri amemwonyesha mkuu wa Aleppo ameshikwa na watu wake kichwa chini miguu juu ili atapike maji aliyokunywa. Ramesses alijitangazia ushindi, ilhali Kadesh hakuutwaa. Na baada ya miaka kadhaa, kiasi cha 1259 K.K., dola hizo mbili zilifanya mkataba wa amani ambao nakala yake ya Wahiti ilipatikana katika vibao vya Hattusa na ya Misri ingali kwenye kuta za Karnak.

Ardhi nayo ilikuwa hakimu asiyepokea rushwa. Wasomaji wa Agano la Kale wanakijua kisa cha Sisera, aliyekuwa na magari ya chuma 900, na mafuriko ya mto Kishoni yaliyolichukua jeshi lake. Mwaka 326 K.K., huko Punjab kando ya mto Hydaspes, mwana wa mfalme Porus alimkabili Alexander wa Makedonia akiwa na magari 120, yakakwama katika matope kabla ya kufanya lolote la maana. Miaka mitano nyuma, katika uwanda wa Gaugamela, Dario wa Tatu wa Uajemi alikuwa ameisawazisha ardhi makusudi ili magari yake 200 yaliyofungwa miundu yaende bila kizuizi. Lakini kwa kuisawazisha alikuwa amekwisha kumjulisha adui yatapita wapi. Alexander akaweka mbele watupa mikuki waliowalenga farasi na waendeshaji, na yaliyosalimika yakafunguliwa njia katikati ya safu, yakapita bure, yakakamatwa nyuma na masaisi.

Afrika ina sehemu kubwa katika tarehe hii kuliko inavyokumbukwa. Katika miamba ya Tassili n'Ajjer, kusini mwa Algeria, wachoraji wa kale wamewaacha farasi wakikokota magari kwa mbio zinazoelekea kuwa za kuruka, na Herodotus ameandika kwamba Wagaramante wa Libya walikuwa na magari ya farasi wanne. Piye, mfalme wa Kush aliyeishinda Misri katika karne ya 8 K.K., amesimulia katika jiwe lililopatikana Jebel Barkal mwaka 1862 kwamba alipouteka mji wa Hermopolis alikwenda zizini, akawaona farasi wamekonda kwa njaa ya mazingiwa, na ghadhabu ikampanda kuliko kwa dhambi nyingine zote za mfalme aliyeshindwa. Na huko el-Kurru, makaburini kwa ukoo wake, farasi 24 wamezikwa kwa heshima. Mfalme huyo alijua jambo ambalo wengi wa wenye fahari ya magari walilisahau, kwamba gari bila farasi aliyetunzwa ni ubao tu. Katika sehemu kubwa ya mashariki ya bara letu mbung'o na maradhi viliwaua farasi, kwa hiyo majeshi ya huku yalijengwa juu ya miguu ya watu.

Mwisho wa gari uliletwa na farasi yule yule aliyelikokota. Katika nakshi za Waashuri za karne ya 9 K.K. wanaonekana wapanda farasi wawili wawili, mmoja akipiga upinde na mwenzake akimshikia hatamu, yaani watu wale wale wa gari walioliacha gari lenyewe. Na mara mpanda farasi alipojifunza kuongoza na kupiga peke yake, aliweza kupita milimani na vichakani kwa nusu ya gharama. Nchini China, ambako ukubwa wa dola ulikuwa ukipimwa kwa hesabu ya magari yake, mfalme Wuling wa Zhao aliwaamuru watu wake mwaka 307 K.K. kuvaa mavazi ya watu wa nyika na kupigana juu ya farasi. Hata hivyo Julius Caesar, alipofika Uingereza mwaka 55 K.K. na mwaka uliofuata, alikuta huko watu waliokuwa wangali na siri ya kale: walikimbiza magari wakitupa mikuki, wakashuka kupigana kwa miguu, na magari yakajitenga kidogo yakiwangoja, ili waliozidiwa wapate pa kurudia. Aliwasifu kwa kuunganisha wepesi wa wapanda farasi na uthabiti wa askari wa miguu.

Kumbukumbu ya gari ikahamia katika michezo. Sataranji ya kale ya Bara Hindi iliundwa kwa mfano wa jeshi la viungo vinne, nao ni tembo, magari, farasi na askari wa miguu, na sataranji ya Kichina ingali na gari lake, lenye nguvu kupita vipande vyote na liendalo kwa mstari ulionyoka maadamu njia i wazi. Vijana wa leo wamelipokea gari hilo katika michezo ya kompyuta, kama vile Civilization ya mwaka 1991 na Age of Empires ya mwaka 1997, na katika Total War: Warhammer II wafalme wa jangwani waliofufuka makaburini hutoka na majeshi ya magari yaliyoigizwa kwa Misri. Nchi ni ya kubuni na mashujaa ni mifupa mitupu, lakini sheria haikubadilika: anayeyapeleka magari mbele ya mikuki akayaacha yakizingirwa huyapoteza yote, na anayeyapitisha ubavuni, akayatoa kabla hayajapoa mwendo, akayageuza na kuyarudisha, huku askari wa miguu wakimshikia adui mahali pamoja, huvuna ushindi alioukosa Muwatalli.

Kwa hiyo kijana anayejifunza mchezo huo kwa makini hajifunzi upuuzi. Anajifunza jambo lililowagharimu watu wa kale maelfu ya roho, kwamba silaha haina nguvu iliyo yake peke yake, bali hukopeshwa nguvu na mahali, wakati na wenziwe. Afadhali funzo hilo lipatikane mchezoni, pasipo mjane wala yatima. Na anayelipata apaswa kujua kwamba lilikusanywa na seremala wa Sintashta, na saisi wa Hattusa, na mkimbiaji wa Misri aliyekwenda kwa miguu kando ya gari la bwana wake, watu ambao bila ya kazi yao hapana Firauni ambaye angechorwa ameshika hatamu.